Povu Linalorudi Mgombani

Tone la kwanza lilichukua karibu nusu saa. Lilining'inia kwenye tundu la chini ya chungu, likanenepa, likaangukia bakuli la plastiki. La pili likajivuta vilevile. Shangazi alikuwa amekwisha palilia tuta zima la maharage aliporudi kuchungulia, akatikisa bakuli, akaridhika. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa mekoni tangu alfajiri. Nikanyoosha kidole nionje, nikapigwa kofi la kiganja.

"Mura, hayo hayaonjwi. Hayo yanakula ngozi."

Tulikuwa Muriba, wilayani Tarime, kwenye vilima vinavyotazamana na Kenya, ambako migomba na mibuni husogea mpaka mlangoni. Umeme haujaingia kwenye nyumba hii. Juu ya bati kuna paneli ndogo ya sola inayowasha taa tatu na kuchaji simu za majirani. Maji hupandishwa kwa ndoo kutoka chemchemi ya bondeni, na ya mvua hukingwa kwenye pipa. Nilikuwa nimekwenda kwa mambo ya ukoo, ya siku moja. Nikabaki tatu kwa sababu ya kile chungu.

Ndani yake mlikuwa na majivu, wala si majivu yoyote. Mgomba ukishakatwa mkungu, shangazi huchanachana shina, hulianika juu ya mawe mpaka linyauke na kukauka, kisha huliteketeza pamoja na maganda ya ndizi juu ya bati kuukuu, mbali na jiko, lisichanganyike na jivu la mkaa au la mfuko ulioyeyuka. Kitako cha chungu amekitoboa matundu matatu kwa msumari. Juu ya matundu kuna vijiwe, juu ya vijiwe nyasi kavu, juu ya nyasi majivu yaliyoshindiliwa kwa ngumi. Katikati ameacha kishimo, na humo humimina maji ya mvua yaliyochemshwa, kikombe kimoja kila mara, kama anayenywesha mgonjwa. Ya chemchemi hayataki kwa kazi hii. Maji ya ardhini mara nyingi yana chokaa, na chokaa huishika sabuni na kuigeuza utando wa kijivu unaong'ang'ania kwenye kola.

Siri yote iko kwenye tabia ya mgomba. Mgomba ni mlafi wa potasiamu kuliko karibu kila zao tunalolima, na mzigo mkubwa wa potasiamu hiyo hubaki kwenye shina, majani na maganda. Ukiuchoma, kaboni na naitrojeni hupaa na moshi. Potasiamu haipai, hubaki kwenye jivu ikiwa kabonati, na maji ya moto yakipita huiyeyusha na kushuka nayo. Ndiyo hayo maji ya majivu. Peke yake tayari yanafua: nguo iliyolowekwa humo usiku mmoja huachia jasho na mafuta hata kabla hujaanza kuifikicha. Ukiyachemsha na mafuta unapata sabuni. Afrika Magharibi, jivu la maganda ya kakao na ya ndizi ndilo mama wa ile sabuni nyeusi inayouzwa siku hizi Ulaya kwa bei ya manukato.

Ukali wa maji hayo hupimwa kwa yai. Yai bichi huwekwa kwenye bakuli: likizama, maji ni mepesi, hurudishwa juu ya majivu yapite tena au huchemshwa yapungue. Likielea na kutoa upara wenye ukubwa wa sarafu, yamefika. Likilala ubavu juu ya maji kama mtumbwi, yamezidi, yaongezwe maji. Shangazi hana yai la kuchezea, anatumia kiazi.

Kisha yakaja mafuta. Shahamu ya ng'ombe kutoka buchani, ile ya kuzunguka figo, ilikuwa imekatwakatwa na kuyeyushwa, ikachujwa kwa kitambaa. Chungu kingine kikatengwa mekoni, shahamu ndani, maji ya majivu yakaongezwa kidogo kidogo, mwiko ukazunguka. Kwa saa ya kwanza hapakuwa na cha maana: mafuta juu, maji chini, kama supu iliyosusa. Saa ya pili rangi ikafifia. Ya tatu mwiko ukaanza kuacha njia nyuma yake, kama kwenye uji wa ulezi unaokaribia kuwa ugali. Akachota kijiko, akakidondosha kwenye maji baridi, akasugua kati ya vidole viwili. Povu likatoka, dogo, la rangi ya maziwa ya mgando. Akaepua.

Iliyopatikana ni sabuni laini, ya kahawia, inayonuka moshi. Haitakuwa mche hata ukiisubiri mwaka mzima, kwa kuwa sabuni ya potasiamu kwa asili yake ni laini. Wazee waliotaka ya kukata walitia chumvi nyingi ikichemka: sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya potasiamu, sabuni hujitenga na kupanda juu, na ikipoa hugandamana. Shangazi hataki igandamane. Sababu yake nitaifikia.

Ningeomba msomaji anayetaka kujaribu asikilize kwanza aibu yangu. Mwaka mmoja kabla ya safari hii nilijaribu kitu hicho kwangu Mwanza, kwenye sufuria, kwa kuwa chungu sikuwa nacho. Sufuria ya alumini. Maji ya majivu na alumini ni paka na panya: yalianza kuchemka kabla sijawasha moto, yakatoa mapovu na harufu, na nilipoyamwaga sufuria ilikuwa nyeusi yenye vishimo kama uso wa mwenye ndui. Hewa inayotoka hapo ni haidrojeni, nayo inalipuka ikikutana na moto. Tumia chungu cha udongo, chombo cha chuma kilichopakwa enameli, au ndoo ya plastiki. Mke wangu bado anaikumbuka sufuria ile, hasa wageni wakiwapo.

Mtu wa mjini atauliza: mche wa sabuni unauzwa kila duka, sabuni ya unga ipo hata kwenye pakiti za kuning'iniza, shida yote hii ya nini? Watu wa Tarime wenye umri wa kutosha hawaulizi hivyo. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya hapo vikaja vita vya Kagera, kisha maduka yakakauka. Sabuni ikawa ya foleni, ya kibali, ya kumjua mtu. Ya Kenya iliingia mpakani Sirari kwa njia za panya, usiku, begani, na mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowashukia wahujumu uchumi, kulikuwa na watu waliotupa vichakani mizigo ya sabuni wasikutwe nayo ndani.

Katika miaka hiyo nchi nzima ilifulia majani ya mpapai. Hili haliko Tarime tu, muulize yeyote aliyesoma shule ya msingi wakati huo. Majani mabichi yalitwangwa au kufikichwa ndani ya maji mpaka yatoe povu la kijani, na shati jeupe likaishia na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyacheka baadaye kama alama ya umaskini, lakini jani lile lina kazi ya kweli. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya cha papaini kinachovunja protini, kilekile kinacholainisha nyama ngumu, ndiyo maana jasho, damu na maziwa ya mtoto yalitoka upesi kuliko mafuta ya taa au grisi. Kosa letu lilikuwa kulitegemea lifanye kila kitu. Shangazi anasema walikuwa wakilowanisha kwanza kwenye maji ya majivu, halafu mpapai. Mwalimu wa zamu hakujua tofauti.

Nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka jikoni, kuna mahali pa kufulia: jiwe bapa, makarai mawili, kamba kati ya mti na mti. Siku ile zilifuliwa nguo za watu sita, sare za shule zikiwamo, kwa madumu manne ya lita 20. Udongo wa huku ni mwekundu na unapenda soksi. Nguo zilitolewa kwenye maji ya majivu, zikapakwa ile sabuni kwa mkono kwenye kola na kwapa, zikafikichwa, zikasuuzwa mara mbili. Nyeupe zilianikwa zikiwa bado na povu jepesi, jua lizipige, ndipo zikasuuzwa tena.

Na maji? Hapa ndipo nilipoona nilichokijia bila kujua. Hayakumwagwa uani. Kutoka kwenye jiwe kuna mfereji wa upana wa jembe unaoteremka hadi kwenye migomba mitano iliyozunguka shimo. Shimo limejaa takataka za shambani, majani, maganda, mabua. Maji ya povu yaliingia humo, yakatulia, yakanywewa. Migomba mitano ile ilikuwa minene kuliko mingine yote.

Sasa unganisha. Potasiamu iliyotolewa ardhini na mgomba ilipitia kwenye moto, kwenye chungu, kwenye shati la mtoto, ikarudi miguuni pa mgomba. Sabuni ya dukani haiwezi kufanya ziara hiyo. Mche wa sabuni na sabuni ya unga vimejengwa juu ya sodiamu: kostiki soda, magadi, chumvi za kujaziliza. Mimea haina haja nayo, na udongo wa mfinyanzi huiogopa. Sodiamu ikishika chembe za mfinyanzi huzitawanya, vitundu vya udongo huziba, na juu hutokea gamba gumu ambalo maji huteleza badala ya kuzama. Kwa hiyo mtu anaweza kumwagilia bustani yake maji ya kufulia kila siku na kuiua kwa kiu. Jiki ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaua na vijidudu vinavyoozesha. Boraksi pia, ambayo Wamarekani wanaojitengenezea sabuni majumbani wameizoea sana, ina boroni inayogeuka sumu kwa mmea ikizidi kidogo tu.

Ndiyo sababu shangazi hatii chumvi. Hakunieleza habari za sodiamu. Alisema tu kwamba ile ngumu "inachoma migomba".

Ukitoka Tarime kwa njia ya Nyamongo na kuvuka Mto Mara, nchi inashuka na kukauka. Unaingia wilaya ya Serengeti, na kufika Mugumu migomba imekuwa ya kutafuta. Bwawa la Manchira hunywesha mji, wa vijijini wana visima, malambo na mito ya msimu. Rafiki yangu mwalimu anaishi upande wa Nata, si mbali na mpaka wa mapori ya akiba, na mkewe ni mtengeneza sabuni wa namna nyingine kabisa.

Shemeji na wanawake wenzake wa kikundi wanatumia kostiki soda na mawese yanayoletwa kutoka Kigoma, au shahamu mawese yakipanda bei. Kwake hakuna kukisia kwa kiazi. Ana mizani ya jikoni. Kilo moja ya shahamu inataka takriban gramu 135 za kostiki. Ikipungua sana sabuni inabaki na mafuta, ikizidi inachubua mikono. Kostiki hutiwa kwenye maji kidogo kidogo huku ikikorogwa, na ole wake atakayefanya kinyume chake, kumwaga maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Anafunga kanga puani, anafanyia uani upepo ukiwa nyuma yake, na watoto hufukuzwa. Mchanganyiko ukishakuwa mzito humiminwa kwenye boksi lililotandikwa nailoni, hukatwa kesho yake, kisha miche hupangwa rafuni wiki nne ikomae. Wanaouza kabla ya wiki nne, alisema, ndio wanaoharibu jina la sabuni ya kienyeji.

Ni sabuni nzuri, inatoa povu, inauzika mnadani. Lakini kwa maji yake mwalimu alikiona cha moto. Mwaka wa kwanza aliyaelekeza kwenye sukuma wiki. Majani yakaanza kuungua kingo, udongo wake wa mbuga, mweusi na mzito, ukafanya ganda linalolia chini ya kiatu. Siku hizi maji ya kwanza, yale mazito, humwagwa mbali kidogo kila siku mahali tofauti, kwenye ua wa minyaa ambao hauliwi na mtu. Ya kusuuza, ambayo sabuni yake imebaki jina, ndiyo huingia kwenye shimo la mboji. Kiangazi hakuna maji mengine ya kulilowesha.

Kumbe huku pia kulikuwa na sabuni kabla ya kostiki. Mjunju, mti ule wa miiba ya kijani unaosimama peke yake mbugani, una saponini kwenye magome, mizizi na matunda yake. Gome likipondwa ndani ya maji hutoa povu linalotosha kufua. Nchi za kaskazini yetu zina mfano maarufu zaidi. Mwaka 1964, mjini Adwa, Ethiopia, mtafiti kijana Aklilu Lemma aliona jambo mtoni: chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifulia, konokono walikuwa wamekufa kwa wingi, ilhali juu yake walikuwa hai. Wanawake hao walifulia matunda ya endod, mmea ambao wanasayansi huuita Phytolacca dodecandra na ambao huota Afrika Mashariki pia. Konokono wale ndio wanaobeba kichocho. Lemma na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walifuata povu hilo kwa miaka mingi, wakapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Baadaye chuo kikuu cha Toledo, Marekani, kikajipatia hataza ya kutumia endod kuua kome wanaoziba mabomba katika Maziwa Makuu ya huko. Akina mama wa Adwa hawakuwa na hataza, walikuwa na nguo chafu.

Nalitaja si kwa ajili ya kuwahimiza watu waitafute endod. Mizizi na majani yake ni sumu, na saponini inayoua konokono huua na samaki. Nalitaja kwa kuwa linasema mengi juu ya kufulia mtoni. Anayesimama ndani ya maji tuli kufua anaweza kutoka na kichocho. Katika Mto Mara anaweza asitoke kabisa, mamba wa mto ule si wa hadithi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Vijijini sheria hiyo hutajwa zaidi kwa wakulima wa bustani za mabondeni. Kwa mfuaji ni karai na kubeba ndoo kupandisha, basi, na mabega ya kubeba kwa kawaida ni ya mwanamke au mtoto wa kike. Mwingereza mmoja, Navjot Sawhney, ametengeneza mashine ya kufulia ya kuzungusha kwa mkono isiyotaka umeme, akaipa jina la jirani yake wa India, Divya. Ikifika Nata nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Ila hata yenyewe haipandishi maji kilimani.

Shimo la mwalimu lina urefu wa hatua tatu, upana wa moja na nusu, kina cha kufika kiunoni. Tarime, ambako mvua hainyimi, mboji hufanywa biwi juu ya ardhi, maana shimo lingejaa maji na kunuka. Serengeti huchimbwa shimo ili unyevu usikimbie. Chini ametandika matawi yasiyooza haraka, hewa ipite. Juu yake mabua ya mahindi na mtama yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi, kisha samadi ya zizini, kisha udongo wa juu kiganja kimoja, maji, na kuanza tena. Juu kabisa nyasi. Katikati kapachika fimbo ndefu kwa mshazari.

Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto. Siku ya tatu aliichomoa mbele yangu, akanipa nishike ncha. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha uji, na yenye jasho. Ingekuwa ya baridi, samadi au maji yamepungua. Ingekuwa ya moto lakini kavu yenye unga mweupe wa ukungu, ni maji. Ikitoka inanuka mayai viza, hewa hakuna, geuza. Moto wa nyuzi 55 hadi 65 ndani ya biwi huua mbegu za magugu na mayai ya minyoo, na huletwa na bakteria wanaokula. Chakula wanachokitaka ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni: mabua ni kaboni, samadi na majani mabichi ni naitrojeni. Mwalimu anafundisha hesabu, lakini hapa anapima kwa macho, toroli mbili kavu kwa moja mbichi na moja ya samadi. Baada ya wiki tatu hugeuza, tena baada ya tatu, na mwezi wa tatu huchota kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua.

Kitu kimoja shangazi na mwalimu wanakubaliana ingawa hawajawahi kuonana: majivu hayatiwi juu ya samadi mbichi. Wengi hutupa jivu la jikoni na kinyesi cha ng'ombe shimo moja, harufu kali ikipanda puani wanasema mbolea inaiva. Harufu ile ni amonia. Jivu huifukuza naitrojeni kutoka kwenye samadi na mkojo, inapaa, na mtu anabaki na shimo lililokwisha kunyonywa. Jivu lichujwe kwa sabuni, masalia yake yaliyopoteza makali yatawanywe shambani kwenye udongo wenye tindikali, au yanyunyizwe kwenye mboji iliyokwisha iva.

Kwa majani mabichi, Tarime imejaliwa alizeti pori, lile lenye maua ya njano linalozingira barabara na mipaka ya mashamba kama linalipwa. Watafiti waliolipima magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walikuta majani makavu yake yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, ambayo ni zaidi ya samadi nyingi. Linakatwa bure. Nata halipo kwa wingi huo, kwa hiyo mwalimu hutegemea majani ya kunde na chochote mbuzi walichobakiza.

Ana maadui ambao vitabu vya kilimo havikuandikiwa. Mchwa hubeba mabua kabla hayajaoza, dawa yake ni maji: shimo linyeshewe, mchwa hapendi joto lenye majimaji. Mfupa au utumbo ukitupwa humo, fisi huja usiku kufukua na kuacha uwanja kama umepigwa bomu. Nyani hufuata maganda ya ndizi na maembe. Na tembo, ambao kwa watu wa kando ya hifadhi ni jirani asiyebisha hodi, huvutwa na harufu ya matunda yanayochacha. Ndiyo maana shimo liko mbali na nyumba na maganda matamu huzikwa chini kabisa.

Suala la samadi katika mkoa huu si dogo kama linavyoonekana. Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Kirumi karibu unapoingia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati iliyoundwa na serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ikasema kiini ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe waliojaa ardhi oevu, pamoja na mimea iliyoozea majini, vilivyomaliza oksijeni. Taarifa ile ilizua ubishi mkubwa. Wengi waliokuwa wakiutazama mgodi wa Nyamongo hawakuikubali, na utani juu ya mkojo wa ng'ombe ukaenea nchi nzima. Ubishi huo siuamui hapa. Nililobaki nalo ni la kizizini: katika mkoa wa wafugaji, samadi inayorundikwa na kusubiri mvua iizoe ni hasara mara mbili, mara ya kwanza shambani, mara ya pili mtoni. Ng'ambo ya ziwa Wahaya walilijua hili zamani. Vibanja vyao vya migomba vya Kagera, kwenye ardhi isiyo na rutuba ya ajabu, vilijengwa kwa samadi na nyasi zilizobebwa kichwani kizazi baada ya kizazi, na sotoka ilipofyeka ng'ombe miaka ya 1890, migomba nayo ilisinyaa.

Nilirudi Muriba kumuaga shangazi nikiwa na mashati mawili yaliyofuliwa: moja kwa mche wa shemeji, moja kwa uji wa kahawia. La kwanza lilinukia mawese kidogo. La pili lilinukia jiko, na kusema kweli lilikuwa na kivuli kwenye kola ambacho mke wangu angekiona kutoka barabarani. Sabuni ya majivu haitashinda kwa weupe, na anayeahidi vinginevyo anauza kitu.

Alinijazia kopo la maziwa ya unga, akalifunika kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni lisipasuke, akafunga kwa kamba ya shina lilelile. Nikamwuliza kama inabaki ya kutosha nyumbani. Akasema inabaki ya wiki tatu. Na baada ya hapo?

Akaelekeza kidevu kule kwenye shimo la maji ya kufulia. Mmoja wa ile migomba mitano ulikuwa umeinama kwa mkungu, ndizi zake bado zina kona, umeegemezwa kwa nguzo mbili.

"Ukikatwa ule," alisema. "Kopo nirudishie."